Rubani aliyetaka kuizamisha Liemba

UKISIMAMA mwaloni Rumonge asubuhi isiyo na ukungu, unaiona rasi ya Ubwari ng'ambo, upande wa Kongo. Wanaovuka kwenda Baraka na wanaoteremka kwenda Kigoma wanalijua ziwa hili kwa upepo wake, kwa ushuru wake na kwa maaskari wake. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mwaka 1916 ndege za kivita zilitua na kuruka juu ya maji ya Ziwa Tanganyika, na kwamba aliyeruka wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 26 aliyeitwa Aimé Behaeghe.

Hata mimi sikumjua. Nilizaliwa katika makazi ya Ulyankulu, Tabora, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972. Shule nilisomea huko. Walimu walitufundisha habari za Wajerumani na von Lettow-Vorbeck, lakini habari za ndege ziwani hazikuwemo. Niliporudi nyumbani mwaka 2009 na kuanza kufundisha, wanafunzi waliniuliza kwa nini Rumonge na Kigoma, watu wa ziwa moja, ni nchi mbili. Katika kutafuta jibu ndipo nikakutana na rubani huyu.

Behaeghe alizaliwa tarehe 6 Mei 1890 katika kijiji cha Kachtem, magharibi ya Ubelgiji. Wakati huo hakukuwa na ndege popote duniani. Ndege ya kwanza yenye injini iliruka Marekani mwaka 1903, yeye akiwa mvulana wa miaka 13. Kizazi chake kilikuwa cha kwanza kuufanya urubani kuwa kazi, na vita ilipozuka mwaka 1914, yeye alikuwa miongoni mwa waliorukia upande wa Ubelgiji.

Huku kwetu mambo yalikuwa hivi. Mwambao wote wa mashariki, kuanzia Usumbura kupitia Rumonge hadi Kigoma na zaidi, ulikuwa wa Mjerumani. Ng'ambo ilikuwa Kongo ya Mbelgiji. Mwenye meli ndiye aliyelitawala ziwa, na Mjerumani alikuwa na meli kubwa kuliko zote: Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Kutoka huko ikafikishwa Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1914. Iliteremshwa majini Februari 1915, na ikafungwa mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg.

Waingereza walileta mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou. Desemba 1915 waliiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen ikabaki. Wabelgiji wakaomba ndege, na Uingereza ikawaazima nne aina ya Short, zinazobeba watu wawili, zenye maboya badala ya magurudumu ili zitue majini.

Behaeghe akapangwa katika kikosi hicho cha marubani wachache. Ndege zilifika Kongo zikiwa ndani ya makasha. Zikapanda treni kutoka Matadi, zikapakiwa maboti ya mtoni hadi Kisangani, zikaendelea kwa reli na mto kupitia Kindu, Kongolo na Kabalo, hadi kwenye ziwa karibu na mji tunaouita leo Kalemie. Njia hiyo wafanyabiashara wanaoenda Katanga wanaijua taabu yake hata sasa. Katika vita ile Ubelgiji ilitumia wapagazi wa Kiafrika zaidi ya laki mbili. Majina ya marubani yameandikwa vitabuni. Ya wapagazi hawa mengi hayakuandikwa popote.

Ziwa nalo halikuwapokea marubani kwa upole. Mawimbi yalitishia maboya ya ndege, kwa hiyo kituo kikawekwa Tungwe, mahali penye maji yaliyotulia kando ya ziwa. Mei 1916 Behaeghe aliruka kutoka hapo, na tangu siku hiyo anahesabiwa kuwa rubani wa kwanza kuruka katika Afrika ya Kati.

Tarehe 10 Juni 1916 alipewa kazi aliyoijia. Yeye na mwenzake Collignon walivuka maji, kilomita zipatazo mia moja, katika ndege ya mbao na kitambaa yenye injini moja. Injini ikizimika katikati, hakuna wa kukuokoa. Walifika Kigoma, wakaiona Götzen bandarini, wakaidondoshea mabomu, wakarudi salama. Wabelgiji walishangilia wakiamini kwamba meli imepigwa. Lakini Götzen haikuzama. Tena inasimuliwa kwamba wakati huo mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha kung'olewa kwa amri ya von Lettow-Vorbeck, aliyeuhitaji nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa bandia, wa mbao. Kama ni hivyo, kijana huyu aliihatarisha roho yake kwa ajili ya meli iliyokuwa imekwisha kunyang'anywa meno.

Mwezi huohuo wa Juni jeshi la Wabelgiji liliingia Usumbura na Gitega. Tarehe 26 Julai Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen karibu na mlango wa mto Malagarasi, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake grisi nzito ili isioze. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma.

Behaeghe hakuuona mwisho wa vita. Aliugua, na tarehe 3 Desemba 1916 alifia Niemba, kwenye reli inayotoka Kalemie kwenda Kabalo. Risasi haikumpata, wala hakuanguka na ndege. Ugonjwa ulimmaliza, kama ulivyowamaliza wapagazi wengi.

Sasa lile swali la wanafunzi wangu. Kabla ya vita ile, Rumonge na Kigoma zilikuwa chini ya bendera moja. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikubaliana kugawana: Ruanda na Urundi kwa Mbelgiji, Kigoma na Tanganyika nyingine kwa Mwingereza. Karatasi anayoonyesha mama wa ndagala leo anapofika mpakani ilianzia hapo. Hakuna mtu wa Rumonge aliyeulizwa.

Na ile meli? Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 ilisaidia kuwarudisha Wakongo maelfu kwa maelfu kwao kutoka Kigoma.

Ndugu msomaji, mwaka 2015 ilikuja zamu yetu. Mimi na mama yangu, aliyekwisha kukimbia mara moja mwaka 1972, tulikimbia tena hadi Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Watu makumi ya maelfu walilala ufukoni, na kipindupindu kiliingia. Gati hakuna. Tulipandishwa mashua ndogo hadi Liemba iliyotia nanga mbali kidogo, ikituchukua watu mia sita hivi kila safari. Mama alipandishwa amebebwa, hawezi kusimama. Alifika Kigoma akiwa hai, na leo yuko hapa Rumonge, anakamua mawese.

Siku ile sikujua kwamba chuma kilichokuwa chini ya miguu yetu ndicho alichotumwa Behaeghe kukivunja. Simlaumu. Alikuwa askari, alitumwa, na alikuwa jasiri. Lakini kila ninapoifundisha habari yake huwaambia wanafunzi jambo moja: yeye alihesabiwa shujaa kwa kuipiga meli ile, na mama yangu anaishi kwa sababu haikuharibika.

Mnara wa vita ile hapa mwaloni kwetu sijauona. Tulio nao ni mpaka, meli na wazee wachache. Wewe unayevuka wiki hii kwenda Kigoma au Baraka, waulize wazee unakofikia walisikia nini kwa baba zao juu ya ndege zile. Kisha uje utuambie, tuwaandikie watoto.