MWALIMU VIDINIĆ NA LAWAMA YA MABAO TISA

Katika vibaraza vya Wete, kama ilivyo katika kila mji upendao kandanda, timu ikifungwa wa kwanza kutafutwa ni mwalimu. Ikishinda, sifa huwaendea wachezaji. Ikishindwa, makosa yote hubebeshwa mtu mmoja. Tabia hii tumeizoea hata hatuioni tena kuwa ni dhuluma. Kwa hivyo tumeona vyema leo kuwakumbusha wasomaji wetu habari za marehemu Blagoje Vidinić, mlinda mlango aliyegeuka mwalimu, ambaye aliitumikia kandanda ya Afrika kwa mafanikio makubwa, lakini ambaye wengi humkumbuka kwa dakika tisini tu.

Vidinić alizaliwa tarehe 11 Juni, 1934, katika mji wa Skopje, uliokuwa ndani ya Yugoslavia na ambao leo ni mji mkuu wa Makedonia ya Kaskazini, jirani wa Bulgaria. Aliichezea Vardar ya mji wake, kisha Radnički ya Belgrade. Alikuwamo katika kikosi cha Yugoslavia kilichopata nishani ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Mwezi Julai, 1960, alisimama langoni mjini Paris katika fainali ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Ulaya, ambapo Yugoslavia ilifungwa na Muungano wa Kisovieti mabao 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Miezi miwili baadaye, mjini Rome, nchi yake iliishinda Denmark 3-1, naye akavishwa nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Kabla ya kutundika viatu alicheza pia Uswisi na Marekani.

Alipoingia katika ualimu, alikuja Afrika. Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka 1966 mataifa ya Afrika yaligomea Kombe la Dunia kwa sababu bara zima halikutengewa hata nafasi moja. Nafasi hiyo ilipopatikana kwa mashindano ya Mexico ya mwaka 1970, aliyeiongoza Morocco kwenda kuitumia alikuwa Vidinić. Morocco ilitangulia kuifunga Ujerumani ya Magharibi, ingawa mwishoni ilishindwa 2-1. Ikafungwa na Peru 3-0. Kisha, tarehe 11 Juni, siku ambayo mwalimu alitimiza miaka 36, ilikutana na Bulgaria mjini León. Dobromir Zhechev aliifungia Bulgaria. Maouhoub Ghazouani akasawazisha katika kipindi cha pili. Matokeo yakawa 1-1, na hiyo ndiyo pointi ya kwanza ambayo Afrika iliwahi kuipata katika Kombe la Dunia.

Kutoka huko alikwenda Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Timu hiyo ilikuwa na vijana wa Kinshasa na wa Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Mwezi Machi, 1974, nchini Misri, iliwatoa wenyeji 3-2 katika nusu fainali. Fainali na Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa, na Zaire ikashinda 2-0 na kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9, idadi ambayo hajaifikia mchezaji mwingine katika mashindano mamoja. Mwaka huo huo Zaire ikawa nchi ya kwanza ya Afrika iliyo kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia.

Huko Ujerumani ya Magharibi ndiko mtihani ulikokuwa. Zaire ilifungwa 2-0 na Scotland, wala hapakuwa na aibu. Lakini wachezaji wamesimulia kwamba baada ya hapo walipata habari kuwa fedha walizoahidiwa hawatazipata, wakakusudia kugoma. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, waliingia uwanjani wakiwa wamevunjika moyo, na mbele yao walisimama Yugoslavia, nchi ya mwalimu wao. Baada ya mabao matatu, mlinda mlango Kazadi Mwamba alitolewa, akaingia Tubilandu Ndimbi. Muda mfupi baadaye refa akamtoa nje Ndaye kwa kosa ambalo Ilunga Mwepu alisema ni lake yeye. Mchezo ulikwisha 9-0.

Hapo ndipo uvumi ulipozuka kwamba Vidinić amewauza Waafrika kwa ndugu zake. Mwenyewe alieleza kuwa agizo la kumtoa Kazadi lilitoka kwa mjumbe wa wizara. Kadhi hahukumu kabla ya kusikiliza pande zote mbili. Lakini vibaraza vya dunia vilihukumu usiku ule ule, kwa dhana tupu.

Sisi twauliza: mtu aliyetaka kuiangamiza timu angeitayarishaje, siku nne baadaye, icheze na Brazil, mabingwa wa dunia, ikafungwa matatu tu? Na zile fedha za wachezaji, je, zilikuwa mikononi mwa mwalimu? Wakubwa walioahidi na wasitimize hawakutajwa kwa ubaya, kwa kuwa mwalimu mgeni alikuwa karibu zaidi na rahisi zaidi kulaumiwa.

Vidinić aliendelea na kazi yake, akaifundisha pia Colombia, na akafariki dunia mjini Strasbourg tarehe 29 Desemba, 2006.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwa watu, akawapa pointi na kombe, na malipo yake yakawa shutuma. Viongozi wetu wa michezo na wajifunze kutimiza ahadi kwa wachezaji na kumwachia mwalimu kazi ya ualimu. Nasi mashabiki, kabla ya kumtia mtu hatiani kwa mchezo mmoja, tuitazame kazi yake yote. Huo ndio uungwana.