Imamu Nawawi na Kazi Isiyo Ujira

Baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa atumikiaye watu bila ya ujira hupata fungu lake hapa hapa duniani, kabla ya thawabu za Akhera. Ushahidi ni maisha ya Imamu wetu Muhyiddin Yahya bin Sharaf an-Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa mwaka 631 wa Hijra (1233) katika mji mdogo wa Nawa, nchi ya Sham. Alipopata miaka 19 baba yake alimpeleka Dameski kutafuta ilimu, akakaa katika madrasa ya Rawahiya. Mwaka 665 akapewa kusomesha Dar al-Hadith al-Ashrafiya, chuo kikubwa cha Hadithi mjini humo. Kazi hiyo ilikuwa na mshahara utokao katika wakfu. Naye akaifanya mpaka kufa kwake, asile hata pesa moja ya mshahara huo. Chakula chake kilikuwa kile alicholetewa na wazee wake kutoka Nawa.

Basi alipata nini? Kwanza, ilimu yake ilikomaa; kwani asomeshaye huulizwa, na aulizwaye hana budi kurejea kitabuni. Katika miaka hiyo alitimiza Minhaj at-Talibin na Riyadh as-Salihin, ambavyo hata leo husomwa pwani yetu.

Pili, ulimi wake ulikuwa huru. Sultani Baybars alipozishika bustani za watu wa Dameski, Imamu alimwandikia kumkataza dhulma, wala hakunyamaza alipotishwa. Yasimuliwa kuwa Sultani alighadhibika, akaamrisha akatiwe mishahara yake. Akaambiwa kuwa hana mshahara wa kukatwa.

Wala hatusemi kuwa mwalimu apokeaye riziki yake ana makosa, wanavyuoni wameihalalisha. Twasema kuwa ajitoleaye hupata nguvu isiyonunuliwa.

Alifariki kwao Nawa mwezi wa Rajabu 676 (1277), baada ya kuvirudisha vitabu vya wakfu alivyoazima.

Basi, ndugu yangu, ukiitwa kufagia msikiti, kuosha maiti au kumsomesha mtoto wa maskini, usidhani kuwa wampa mwenzio tu; nafsi yako ndiyo ya kwanza kupewa. Mola atuwafikishe. Amin.