Robert Weitbrecht: kiziwi aliyewafungulia wenzake njia ya simu

Alexander Graham Bell alipopata hati ya uvumbuzi wa simu mwaka 1876, watu wawili wa karibu naye kabisa hawakuweza kuitumia. Mama yake alikuwa na tatizo kubwa la kusikia, na Mabel, aliyekuja kuwa mke wake, alikuwa kiziwi. Bell mwenyewe alikuwa mwalimu wa viziwi. Hata hivyo chombo alichokileta duniani kiliwaacha viziwi nje kwa karibu miaka 90.

Fikiria, msikilizaji, maana yake ilikuwa nini. Nyumba ikishika moto usiku, au mtoto akizidiwa na homa, kiziwi wa Marekani alilazimika kukimbia hadi kwa jirani na kumwomba ampigie daktari. Kazi zilipotangazwa kwa namba ya simu, yeye hakuwemo. Aliyekuja kubadili hali hiyo alikuwa kiziwi mwenyewe, na kazi yake ilianzia kwenye redio.

Kijana wa nyota na redio

Robert Weitbrecht alizaliwa tarehe 11 Aprili 1920 katika mji wa Orange, jimbo la California. Alizaliwa kiziwi. Mapenzi yake tangu utotoni yalikuwa mawili, nyota za angani na redio.

Pengine utajiuliza kiziwi anafanya nini na redio. Zamani wapenzi wa redio walizungumza kwa alama za Morse, yaani nukta na mistari. Alama hizo si lazima uzisikie. Unaweza kuzisoma kwenye taa inayowaka na kuzimika, au kuzihisi kwa vidole. Weitbrecht alipata leseni ya redio ya watu binafsi, akawasiliana na watu wa mbali bila kuhitaji masikio.

Mwaka 1942 alihitimu masomo ya elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Baadaye akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akaajiriwa katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford.

Baada ya Vita Kuu ya Pili alipata teletaipu. Hii ni mashine kama taipureta, nzito mno, iliyotumiwa na majeshi na mashirika ya habari. Ukiandika huku, mashine ya upande wa pili inapiga chapa herufi zilezile. Weitbrecht alijitengenezea vifaa vya kuiunganisha na redio yake, akawa anaandikiana na wenzake kupitia hewani.

Ombi la daktari wa meno

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mmoja wa kunyoosha meno kutoka Pasadena, James Marsters, alipata habari zake. Marsters naye alikuwa kiziwi. Alimuuliza kama yale anayoyafanya kwa redio yanaweza kufanyika kwa simu ya kawaida. Baadaye akajiunga nao kiziwi wa tatu, Andrew Saks, wa familia iliyoanzisha maduka makubwa ya Saks huko New York.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa sheria za kampuni ya simu. Wakati ule AT&T haikumruhusu mteja kuunganisha waya wa kifaa chake kwenye laini yake. Weitbrecht akapita njia nyingine: hakugusa waya kabisa. Alitengeneza kisanduku ambacho mkono wa simu unalazwa juu yake. Kisanduku kinatoa sauti, na mkono wa simu unaisikia kama unavyomsikia mtu.

Kila herufi ya teletaipu ni mpangilio wa alama tano za umeme, upo au haupo. Kisanduku kiligeuza umeme uliopo kuwa sauti ya mitetemo 1,400 kwa sekunde, na usiokuwepo kuwa sauti nyembamba zaidi ya mitetemo 1,800. Upande wa pili, kisanduku kingine kiligeuza sauti hizo kuwa umeme tena, na karatasi ikaandikwa maneno kama 60 kwa dakika. Kifaa cha namna hiyo ndicho tunachokiita modemu.

Herufi zilizovurugika

Mwaka 1964 walijaribu kwa umbali mrefu, Weitbrecht kaskazini mwa California na Marsters huko Pasadena kusini. Simu ilishika, mashine zikaanza kugonga, lakini kilichotoka kilikuwa mchanganyiko wa herufi usiosomeka.

Mtu mwingine angesema kifaa hakifai. Lakini herufi zilizovurugika zina habari ndani yake. Kama zinatoka, basi laini ipo, sauti inafika na mashine inapiga chapa. Kasoro imebaki sehemu moja tu, pale sauti inapogeuzwa kuwa herufi. Weitbrecht alirekebisha, wakajaribu tena, akarekebisha tena, hadi maneno yakatoka safi. Viziwi wawili walikuwa wamezungumza kwa simu ya mbali bila msaada wa mtu anayesikia.

Adui mwingine alikuwa mwangwi. Katika laini ndefu, sauti inarudi na kumvuruga aliyeituma. Modemu ya Weitbrecht ilinyamaza wakati hakuna anayeandika, na watumiaji walizoea kupeana zamu. Aliyemaliza sentensi aliandika herufi GA, maana yake mwenzangu endelea. Wakitaka kuagana waliandika SK. Ni kama tunavyopeana nafasi kwenye redio ya upepo.

Kupata mashine nako kulikuwa kazi. Teletaipu za zamani zilikuwa zikivunjwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Mwaka 1968 AT&T ilikubali kuwaachia viziwi mashine zake zilizokwisha kazi, na watu wa kujitolea wakawa wanazikarabati majumbani. Mwaka huohuo serikali ya Marekani iliamua kwamba kampuni ya simu haiwezi tena kuzuia vifaa vya wengine kwenye laini zake.

Jina la mashine hiyo bado lipo

Mwaka 1969 mafundi wa maabara za Bell, zilizokuwa chini ya AT&T, walianza kuunda mfumo wa kompyuta uitwao Unix. Waliiandikia kompyuta kwa teletaipu, na kwa ufupi wakaiita tty. Jina hilo halijafutika. Kwenye Linux, mfumo uliofuata nyayo za Unix, tundu la kwanza la modemu ya simu linaitwa ttyS0. Modemu nyingi za kuchomeka za laini ya simu zinaonekana kama ttyACM0.

Na namna ya kutafuta kasoro ni ileile ya mwaka 1964, hatua kwa hatua. Je, kompyuta inaiona modemu? Kama tty haipo, angalia waya na tundu, usihangaike na nywila. Je, modemu inapata mlio wa laini na kupiga namba? Je, modemu ya upande wa pili imeitikia? Kama imeitikia lakini kioo kinaonyesha herufi za ajabu, laini ina kelele au pande mbili hazijakubaliana mwendo. Kama maneno yanasomeka ila unakataliwa kuingia, hapo ndipo uangalie jina na nywila. Linux inaweza kuandika hatua hizi katika faili la kumbukumbu, na mstari wa mwisho uliofanikiwa unakuonyesha uanzie wapi kutafuta.

Weitbrecht alifariki mwaka 1983 baada ya kugongwa na gari, akiwa na miaka 63. Miaka 7 baadaye, sheria ya mwaka 1990 iliyataka makampuni ya simu ya Marekani kuweka wahudumu wa kuwaunganisha viziwi wenye mashine za kuandika na watu wenye simu za kawaida. Kwa huduma hiyo kiziwi aliweza kumpigia daktari mwenyewe, hata kama daktari huyo hana teletaipu.