Bibi Salme: Mjane Aliyeuguza Msiba Wake kwa Kalamu

Mwaka juzi nilifunga safari kutoka pwani hadi Kocholia, huko upande wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenda kumpa mkono wa tanzia binti wa ndugu yangu. Bwana wake alikuwa dereva wa malori yaendayo Kampala, mtu wa huko huko Teso. Aliugua siku chache, akafariki, akazikwa nyumbani kwa baba yake. Sina budi kumwambia msomaji kweli yote. Siku ya ndoa yao, miaka minane nyuma, mimi na jamaa zangu wengi hatukwenda. Bwana yule hakuwa wa dini yetu, nasi tukaufunga mlango. Mauti ndiyo yaliyokuja kuufungua.

Nilimkuta amekaa mkekani uani, amezungukwa na wakwe zake na wanawake wa jirani. Wengine walikuwa wamevuka kutoka upande wa pili, kwani Wateso ni watu wamoja waliokatwa katikati na mpaka, tangu Waingereza walipoutoa mkoa wa mashariki wa Uganda mwaka 1902 na kuutia katika nchi ambayo leo ni Kenya. Binti yangu aliniamkia, akaniita ami kama zamani, tukalia sote. Machozi yalipokauka akaniuliza jambo lililonishinda. Mtu ambaye kwao ni mbali, na kaburi la mumewe liko hapa, msiba wake aulilie wapi? Akirudi pwani atakuwa ameliacha kaburi. Akibaki, atakuwa amewaacha wazee wake. Sikuwa na jawabu. Usiku ule, ndani ya basi la kurudi, nikamkumbuka Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyeishi na swali hilo kwa zaidi ya miaka hamsini.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, na mama yake Jilfidan, suria aliyeletwa kutoka nchi ya Wacherkesi akiwa mtoto mdogo aliyetekwa vitani. Basi hata mama huyo alikuwa mtu aliyeng'olewa kwao, na huenda mtoto alinyonya maziwa yaliyochanganyika na ukiwa huo bila ya kujua.

Katika majumba yale watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Kalamu ilikuwa ya wanaume. Salme hakuridhika. Alijifunza kwa siri, akiziiga herufi za msahafu na kuziandika juu ya mfupa wa bega la ngamia, mfano wa ubao wa chuoni. Sisi tuliopita chuoni tunaujua ubao ule, unavyoandikwa, ukaoshwa, ukaandikwa tena. Lakini sisi tulipigwa fimbo ili tuandike, na yeye angalipigwa kwa kuandika. Laiti angalijua wakati ule kwamba kazi hiyo ya mafichoni ndiyo itakayokuja kumshika mkono siku ya dhiki!

Misiba ilianza mapema. Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini, katika safari ya kurudi kutoka Maskati. Salme alikuwa na miaka kumi na miwili. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kikamchukua mama yake. Akabaki yatima katika nyumba kubwa iliyojaa ndugu, na ndugu wenyewe wakaanza kugombana. Seyyid Majid ndiye aliyekalia kiti cha Unguja, na Seyyid Barghash akakitaka. Mwaka 1859 Barghash alifanya fitina ya kumwondoa nduguye, na kwa kuwa Salme alijua kuandika, akatumiwa kuwa mwandishi wa barua za upande wa Barghash, ingawa Majid ndiye aliyemlea naye akimpenda. Waingereza wakaingia kati, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na majuto. Alijitenga mashambani, kisha akaishi Bububu kando ya bahari, na baadaye akarejea mjini.

Hapo mjini nyumba yake ilikaribiana na nyumba ya mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Mambo yakawa kama yalivyokuwa. Salme alipata mimba, na hatari ya jambo hilo kwa binti wa mfalme haina haja ya kuelezwa. Mwezi wa Agosti 1866 aliingia usiku katika manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akachukuliwa hadi Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume mwezi wa Desemba. Heinrich alimfuata baada ya kumaliza shughuli zake Unguja, na tarehe 30 Mei 1867 Salme akabatizwa, akapewa jina la Emily, na siku hiyo hiyo wakaoana. Wakashika njia ya Ulaya. Mtoto wao yule wa kwanza hakufika. Alifia njiani, katika nchi ya Ufaransa.

Mimi nimesoma chuoni, nami sitajifanya kwamba kuritadi ni jambo dogo machoni pangu. Kwa watu wa Unguja wa wakati ule binti huyo alikuwa amekwisha kufa. Lakini hesabu ya nyoyo iko kwa Mwenyewe aliyeziumba, na kazi ya mwandishi ni kueleza yaliyompata mtu.

Hamburg walikaa miaka mitatu. Alizaa watoto watatu mfululizo, na majina yao yanaonyesha moyo wake ulikuwa wapi: Antonie Thawka mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie Ghuza mwezi wa Aprili 1870. Kila mtoto alipewa jina la Kidachi mbele na jina la nyumbani nyuma yake. Kisha, Agosti 1870, Heinrich alianguka alipokuwa akiteremka kwenye tramu ya kukokotwa na farasi, akaumia vibaya, na baada ya siku chache akafariki. Mkubwa wa watoto alikuwa na miaka miwili, na mdogo hajatimiza miezi minne.

Hebu msomaji afikiri. Kwetu mtu akifiwa, mlango huwa wazi. Majirani huja na mikeka, sufuria hupikwa nyumba ya pili, watu hulala matangani, hitima husomwa, na mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi akiwa mikononi mwa wanawake wenzake. Hayo yote si mapambo. Ni dawa iliyopikwa na wazee kwa karne nyingi, kwa kuwa walijua kwamba mtu mmoja hawezi kuubeba mzigo huo peke yake. Salme hakuwa na lolote katika hayo. Alikuwa mgeni mwenye umri wa miaka ishirini na mitano tu, katika nchi ya baridi, na lugha yake ya Kidachi haijakomaa. Na miezi miwili baada ya mumewe, Seyyid Majid naye akafariki huko Unguja. Barghash, ambaye kwa ajili yake Salme aliwahi kujiponza, akawa mtawala, lakini hakumsamehe.

Umaskini ukaingia. Urithi wake wa Unguja hakuupata. Alihama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akatafuta riziki kwa kufundisha Kiarabu. Mwaka 1875, aliposikia kwamba Barghash anazuru London, alisafiri kwenda huko apate kumwangukia nduguye. Wakubwa wa Kiingereza wakamzuia kwa ahadi za msaada kwa watoto wake, na ahadi zile hazikutimizwa. Akarudi mikono mitupu.

Ndipo alipoirudia kalamu. Kiasi cha miaka tisa kabla ya kitabu chake kutoka, akiwa mgonjwa na mwenye kuchoka, alidhani hataishi kuwaona watoto wake wakikua. Akaona kwamba akifa, hawatajua mama yao alikuwa nani wala ametoka wapi. Basi akaanza kuwaandikia: jumba la Mtoni na hamamu zake, masuria na watoto wa baba mmoja, chakula cha Ramadhani, nguo za Idi, uganga na magonjwa, mazishi na ndoa. Hakuwa na nia ya kutoa kitabu. Alikuwa mama anayewaachia wanawe wasia.

Kwa maoni yangu hapo ndipo pana siri ya mambo. Yule aliyekosa watu wa kukaa naye matangani alijitengenezea baraza lake katika karatasi. Aliwaita wafu wake mmoja mmoja, baba, mama, ndugu na wajakazi, wakaja wakaketi naye Berlin. Huzuni yake haikwisha, wala mtu asidhani kwamba huzuni ya namna hiyo hukatika kama homa. Ilipata kazi ya kufanya, na mtu mwenye kazi huweza kuamka asubuhi.

Kitabu kilitoka Berlin mwaka 1886 katika lugha ya Kidachi, na kabla ya miaka mingi kikafasiriwa kwa Kiingereza. Ni katika maisha ya mwanzo kabisa ya mwanamke wa Kiarabu yaliyoandikwa na mwenyewe na kuchapishwa. Tena aliandika barua nyingine ndefu, kama anayezungumza na shoga yake aliyebaki Unguja, akieleza baridi, upweke, na kifo cha mumewe. Barua hizo hakuzitoa. Zilikuja kuchapwa miaka mingi baada ya yeye mwenyewe kuondoka duniani.

Haifai kumtukuza kupita kiasi. Katika kitabu hicho aliutetea utumwa, na maneno aliyoyasema juu ya watu weusi yanachoma mpaka leo. Mwaka 2019 kiwanja kimoja cha Hamburg kilipewa jina lake, na mwaka uliofuata watu wa mji wakaliondoa kwa sababu ya maneno hayo. Ni haki. Msiba humfundisha mtu mengi, lakini haumfundishi yote; yeye aliyelia kwa kutengwa na kwao hakusikia kilio cha wale waliotengwa na kwao ili walime karafuu za baba yake.

Agosti 1885 alirudi Unguja baada ya miaka kumi na tisa, yeye na watoto wake, katika meli iliyofuatana na manowari za Udachi. Bismarck alikuwa na hesabu zake katika pwani yetu, na mjane huyo alikuwa karata mkononi mwake. Watu wengi wa mjini walimlaki kwa bashasha, lakini Barghash alikataa kumwona. Salme alilizuru jumba la Mtoni alimozaliwa, akalikuta limekuwa gofu. Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki, na mara hiyo pia mlango haukufunguliwa. Hakurudi Udachi. Alikwenda kukaa katika nchi ya Shamu, Jaffa na Beirut, mahali ambapo aliweza kusikia adhana na lugha ya baba yake, akaishi huko hadi mwaka 1914. Yeye mwenyewe alikiri kwamba alikuwa ametoka kwao Mwarabu na Mwislamu kamili, na sasa hajui amekuwa nini. Wazee wetu husema mwacha asili ni mtumwa, lakini nadhani mama huyu hakuiacha asili. Asili ndiyo iliyomkataa.

Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, naye ana miaka sabini na tisa. Akazikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mumewe aliyekuwa amemtangulia kwa miaka hamsini na mitatu. Katika vitu vyake walikuta mfuko mdogo wenye mchanga wa pwani ya Unguja, aliouhifadhi miaka yote hiyo. Mchanga huo ukatiwa naye kaburini. Mwanawe Rudolph Said alikuja kuandika maisha ya babu yake Seyyid Said katika kitabu kilichotoka mwaka 1929. Wasia wa mama ulikuwa umefika. Na katika jumba la makumbusho la Unguja, forodhani, kiliwekwa chumba kwa ajili yake.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Salme alilia kote kuwili: alilala kwa mumewe, na mchanga wa kwao ukalala naye. Jawabu hilo nimempelekea binti yangu kwa barua, pamoja na daftari tupu, nikamsihi awaandikie wanawe habari za baba yao aliyekuwa akiendesha malori, na habari za nyanya yao wa pwani ambaye hawajapata kumwona. Amenijibu kwamba atabaki Kocholia, kwani wakwe zake wanamtunza na kaburi liko karibu, na daftari amekwisha kulianza.

Lakini barua na daftari hazitoshi, na hapa najisemea nafsi yangu kabla ya kumsemea mwingine. Seyyid Barghash alikuwa na uwezo wa kuufungua mlango siku moja tu, na asiufungue. Akafa, na dada yake akabaki nje. Shule zitakapofungwa, watoto wale wawili watapanda basi la Mombasa pamoja na mama yao, nami nitakwenda kituoni mwenyewe kuwapokea.