Aligundua eksirei, akauawa na uvimbe tumboni

Jamaa aliyeupa ulimwengu eksirei aliwahi kutimuliwa shuleni.

Wilhelm Conrad Röntgen alizaliwa Machi 27, 1845 mjini Lennep, Ujerumani, akalelewa Uholanzi. Akisoma Utrecht, mwenzake alichora katuni ya kumkejeli mwalimu. Röntgen alikataa katakata kumtaja mchoraji, basi akafukuzwa yeye.

Bila cheti, angesomea wapi? Bahati yake, chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi, hakikudai karatasi hiyo. Alijiunga nacho 1865, na kufikia 1869 alikuwa na shahada ya uzamifu.

Jioni ya Novemba 8, 1895, akiwa profesa wa miaka 50 huko Würzburg, alikuwa akipitisha umeme kwenye bomba la kioo alilolifunika kwa karatasi nyeusi. Ghafla kibao kilichopakwa kemikali kikang'aa gizani. Kumbe kulikuwa na miale iliyopenya karatasi! Wiki chache baadaye alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha. Mifupa ilionekana, na pete pia.

Hapo wengi wangekimbilia mkwanja. Yeye alikataa kusajili hataza ili kila mtu aitumie miale hiyo. Mwaka 1901 akawa wa kwanza kushinda Tuzo ya Nobel ya Fizikia, na pesa zake akaupa Chuo Kikuu cha Würzburg.

Lakini eksirei ya wakati huo haikuona tumbo vizuri kama mifupa. Utumbo ni laini, miale inaupita tu. Baadaye wagonjwa walianza kunyweshwa dawa nyeupe ya bariamu ili njia ya chakula ionekane. Mashine ya CT, inayotumia miale ile ile kuonyesha mwili kipande kwa kipande, ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza 1971.

Leo daktari hutazama picha za CT kabla ya matibabu ajue uvimbe una ukubwa gani na umeenea wapi. Baada ya kemo, mgonjwa hurudi kupigwa nyingine. Zikilinganishwa, ndipo hujulikana kama uvimbe umenywea au dawa ibadilishwe.

Röntgen hakuipata nafasi hiyo. Akiba yake ililiwa na mfumko wa bei baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mnamo Februari 10, 1923 akafariki Munich, akiwa na miaka 77. Kilichomuua ni saratani ya utumbo.

Kwa hivyo ukiona damu chooni, au tumbo likikusumbua wiki baada ya wiki, usione haya. Nenda ukapimwe mapema.