Mirza Delibašić: Kocha wa Mji Uliozingirwa

Ukitajiwa mpira wa vikapu najua akili yako yakimbilia Marekani moja kwa moja. Leo hebu tugeuze shingo, twende Bosnia kwa ndugu zetu Waislamu wa Ulaya, umjue Mirza Delibašić.

Alizaliwa Januari 9, 1954 mjini Tuzla. Wakati huo Bosnia ilikuwa sehemu ya Yugoslavia, nchi ya kikomunisti. Alianza kuchezea Sloboda, timu ya pale kwao, kisha mwaka 1972 akahamia Sarajevo kuchezea Bosna, timu iliyoanzishwa na wanachuo. (Wanachuo wenzangu mnaosema hatuna lolote, mpo?) Kocha alikuwa kijana pia, Bogdan Tanjević.

Miaka saba baadaye, mwaka 1979, timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya mjini Grenoble, Ufaransa. Mbele yao walikuwa Varese ya Italia, ambao hiyo ilikuwa fainali yao ya kumi mfululizo. Bosna walishinda 96 kwa 93. Žarko Varajić alifunga alama 45, Mirza 30. Piga hesabu mwenyewe: watu wawili, alama 75! Hakuna timu ya Yugoslavia iliyokuwa imewahi kulichukua kombe hilo.

Na timu ya taifa je? Ubingwa wa Ulaya 1975 na 1977, ubingwa wa dunia 1978 huko Manila, medali ya fedha Olimpiki ya Montreal 1976, na dhahabu Moscow 1980. Sisi Kenya Olimpiki zote mbili hatukuwepo, tulisusia.

Mwaka 1981 Real Madrid wakamchukua. Akakaa misimu miwili, halafu 1983 akaenda Caserta, Italia, alikokuwa Tanjević. Huko ndiko damu ilipovuja kwenye ubongo wake. Alikuwa na miaka 29. Uhai Mwenyezi Mungu alimbakishia, lakini kucheza basi. Hebu fikiria wewe: kazi unayoijua kuliko zote duniani, umeamka siku moja haipo tena.

Alirudi Sarajevo. Na hapa, msomaji, ndipo ninapotaka utulie, manake wachezaji wenye medali ni wengi.

Aprili 1992 vita vikaingia. Majeshi ya Waserbia yaliuzingira mji kutoka milimani, na mzingiro ule ukadumu siku 1,425, hadi Februari 1996. Maji hakuna, umeme hakuna, mkate ni foleni, na foleni yenyewe yapigwa mizinga. Walenga shabaha walikaa juu ya majengo wakimpiga yeyote avukaye barabara, awe mama au mtoto. Mtu aliyewahi kuchezea Real Madrid hakosi wa kumpokea ng'ambo. Mirza alibaki na watu wake.

Mwaka 1993 Bosnia, nchi changa inayochomwa moto, iliamua kupeleka timu kwenye mashindano ya Ulaya kule Ujerumani. Kocha: Mirza Delibašić. Wachezaji waliokuwa ndani ya mji walitokaje? Lile handaki maarufu la Sarajevo lilikuwa bado halijafunguliwa. Njia ilikuwa moja tu, kukimbia usiku kukatiza uwanja wa ndege huku risasi zikipita. Watu wengi walifia pale. Wao walivuka, wakaungana na wenzao waliokuwa nje, wakapita mechi za mchujo nchini Poland na kuingia Ujerumani.

Timu yenyewe haikuwa ya Waislamu peke yao. Mario Primorac na Nenad Marković walivaa jezi ile ile pamoja na Samir Avdić na Sabahudin Bilalović. Nalitaja hili kwa sababu wale waliokuwa milimani walidai kwamba watu hawa hawawezi kuishi pamoja. Bosnia ilimaliza nafasi ya nane Ulaya nzima, na Bilalović akawa mfungaji bora wa mashindano. Huku nyumbani kwao mizinga bado yanguruma!

Sitakudanganya kwamba Mirza alikuwa sheikh. Ibada yake ni baina yake na Mola wake, sisi twamtaja kwa lile alilowafanyia watu wake walipokuwa taabuni.

Baada ya vita aliendelea kuishi Sarajevo hadi saratani ilipomchukua Desemba 8, 2001, akiwa na miaka 47. Ukirudi kwenye kalenda yetu, siku hiyo iliangukia kumi la mwisho la Ramadhan ya mwaka 1422. Ukumbi wa Skenderija, Sarajevo, ukapewa jina lake, na mwaka 2007 shirikisho la dunia la mchezo huo, FIBA, likamwingiza katika orodha yake ya magwiji. Unapofuturu leo, mtilie dua, yeye na wote waliofia kwenye ule uwanja wa ndege.