Dimebag Darrell: mpiga gitare wa Texas na mikro iliyompa sauti yake

Usiku wa Jumatano tarehe 8 Desemba 2004, mjini Columbus katika jimbo la Ohio nchini Marekani, kundi la Damageplan lilikuwa limeanza tu onyesho lake katika ukumbi wa Alrosa Villa wakati mtu mwenye bastola alipopanda jukwaani. Alikwenda moja kwa moja kwa mpiga gitare. Darrell Lance Abbott, ambaye dunia nzima ya hevi metali ilimfahamu kwa jina la Dimebag Darrell, aliuawa palepale mbele ya mashabiki wake. Alikuwa na umri wa miaka 38. Watu wengine watatu walipoteza maisha kabla ya afisa wa polisi kumpiga risasi muuaji.

Zaidi ya miaka ishirini imepita. Hata hivyo, kijana yeyote anayetafuta gitare ya kupigia metali hukutana mapema na swali lilelile: mikro gani iwekwe kwenye nafasi ya karibu na daraja? Na katika majibu anayopewa, jina la Dimebag halikosi. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kumfuata tangu alipokuwa mtoto.

Mtoto wa studio

Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1966 huko Ennis, Texas, akiwa mtoto wa pili wa Jerry na Carolyn Abbott. Baba yake alikuwa mtunzi na mtayarishaji wa muziki wa kantri, na baadaye aliendesha studio ya Pantego Sound katika mji mdogo wa Pantego. Wazazi waliachana mwaka wa 1979 na watoto wakabaki na mama mjini Arlington, lakini mlango wa studio ya baba haukufungwa. Darrell alijaribu kwanza kupiga ngoma. Kaka yake Vincent, aliyekuja kujulikana kama Vinnie Paul, alikuwa amekwisha kumzidi, kwa hiyo mdogo akatafuta chombo kingine.

Alipata gitare yake ya kwanza akiwa na umri wa miaka 12: Hondo ya bei ndogo, iliyoigizwa umbo la Les Paul, pamoja na ampli ndogo ya Pignose. Mapenzi yake yalikuwa kundi la Kiss, na hasa mpiga gitare wake Ace Frehley. Baadaye wakaongezeka Eddie Van Halen, Randy Rhoads na Tony Iommi wa Black Sabbath. Wanamuziki waliokuja kurekodi kwa baba yake walimwonyesha mambo mengi pia, na ndiyo maana katika solo zake za kikatili bado unasikia blues ya Texas ikipita chini kwa chini.

Akiwa na miaka 14 alianza kuingia mashindano ya wapiga gitare mjini Dallas. Alishinda mara nyingi kiasi kwamba waandaaji walimwomba aache kushindana na akae upande wa waamuzi. Katika ushindi wa mwaka wa 1982 zawadi ilikuwa gitare ya Dean, aina ya ML, yenye umbo la nyota iliyopinda. Kwa bahati, baba yake alikuwa amemnunulia nyingine ya aina hiyo hiyo muda mfupi kabla. Kijana mwenye gitare mbili na asiye na gari hufanya hesabu ya haraka: aliuza ile ya ushindi ili apate pesa za kununua Pontiac Firebird.

Alijuta. Gitare ilipita mikono kadhaa mpaka ikamfikia Buddy Blaze, fundi wa gitare wa huko huko Texas. Darrell alipotaka kuirudisha, Blaze alikataa kuiuza. Aliichora upya rangi ya bluu yenye radi, akaifunga daraja la Floyd Rose linaloruhusu nyuzi kulegezwa na kukazwa kwa mkono wa chuma, kisha akamrudishia mwenyewe bila kumtoza. Hiyo ndiyo gitare ambayo mashabiki waliipa jina la Dean from Hell. Na katika nafasi ya daraja, Dimebag alipiga kwa mikro ya Bill Lawrence, aina ya L-500XL.

Kwa nini mikro mbili ndani ya moja

Hapa tusimame kidogo, maana bila maelezo haya habari yote inabaki jina la chapa tu.

Mikro ya gitare ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Tatizo ni kwamba waya huo huo unakamata pia mvumo wa umeme wa nyumba na wa taa za neon. Yeyote aliyepiga gitare ya umeme kanisani, chini ya taa za aina hiyo, anaufahamu. Katika muziki mtulivu mvumo huo unavumilika. Katika hevi metali, ambapo ampli inasukumwa mpaka sauti inapasuka, kila kitu kinakuzwa mara nyingi sana, na mvumo unageuka kelele ya kufunika muziki wenyewe.

Mwaka wa 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson mjini Kalamazoo, alipeleka ombi la hati ya ugunduzi wa dawa yake: bobini mbili zikae bega kwa bega, waya wa moja uzungushwe kinyume cha nyingine, na sumaku zao zielekezwe kinyume vilevile. Mvumo unaingia katika bobini zote mbili na kujifuta wenyewe. Sauti ya uzi, yenyewe, inajumlishwa. Hati ilitolewa mwaka wa 1959. Lover hakuwa anafikiria metali, maana muziki huo ulikuwa haujazaliwa. Lakini bila bobini zake mbili, sijui kama ungezaliwa kwa sura tunayoijua.

Nafasi nayo ina maana. Karibu na shingo ya gitare uzi unatikisika kwa upana, sauti inatoka nene na ya mviringo. Karibu na daraja unatikisika kidogo tu, na sauti inatoka kali, yenye makali ya juu mengi. Mpiga metali anafinya nyuzi nene kwa kiganja na kuzichapa haraka haraka. Akitumia mikro ya shingo, mapigo yanashikana kama uji. Ndiyo maana mikro ya daraja ndiyo inayobeba kazi yote. Na kwa kuwa hapo uzi unatikisika kidogo, watengenezaji huongeza mizunguko ya waya ili mikro hiyo iwe na nguvu zaidi.

Mtego uko hapo. Ukizidisha mizunguko, nguvu inapanda lakini makali ya juu yanapungua na ncha ya kila pigo inalainika. Wauzaji huandika kwenye sanduku idadi ya omu, yaani ukinzani wa waya, na wanunuzi wengi hudhani namba kubwa ni sauti kubwa. Si kweli. Ukinzani unategemea pia unene wa waya, na haukwambii lolote kuhusu sumaku wala chuma kilicho katikati. Kwa maoni yangu hakuna namba inayowapotosha vijana kuliko hiyo.

Chaguo la Dimebag

Bill Lawrence alikuwa Mjerumani, mzaliwa wa eneo la Cologne mwaka wa 1931. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Willi Stich, na kabla ya kuhamia Marekani alikuwa mpiga gitare wa jazi. Mikro yake ya L-500 haikuwa na safu ya skrubu, moja chini ya kila uzi, kama ile ya Gibson. Ilikuwa na mabapa mawili ya chuma yaliyonyooka kutoka uzi wa kwanza mpaka wa sita. XL ndiyo aina yake yenye nguvu kubwa, na sifa yake ni kwamba nguvu hiyo haikuua makali ya juu.

Kwa mpigaji kama Dimebag, mabapa hayo yalikuwa na faida ya wazi. Yeye alivuta nyuzi mbali sana na mahali pake, na kwa mkono wa Floyd Rose alizilegeza mpaka zikaning'inia. Uzi ukitoka juu ya skrubu yake, sauti inadhoofika. Juu ya bapa hakuna pengo la kudondokea. Isitoshe, daraja la Floyd Rose hutandaza nyuzi kwa upana kidogo kuliko gitare za zamani za Gibson, kwa hiyo skrubu za mikro ya kawaida hazikai sawasawa chini ya nyuzi. Bapa halijali.

Halafu kuna ampli. Karibu kila mpiga gitare wa enzi zake aliamini kwamba sauti nzuri hutoka katika ampli ya lampu, ile inayopata joto na kulainisha kingo za sauti. Dimebag alipiga kwa Randall za transista, na Randall ya kwanza aliipata pia kwa kushinda mashindano. Transista hailainishi kitu. Inajibu papo hapo, kavu, na kwa masikio ya wengi ni baridi. Yeye aliupenda ukavu huo, akaongeza vifaa vya kusawazisha sauti ili kupunguza masafa ya katikati na kuinua ya chini na ya juu. Mikro nzito, yenye giza, ingezama katika mpango kama huo. Ile ya mabapa ilitoka kama msumeno.

Nasisitiza hili kwa sababu wengi hununua mikro ya shujaa wao na kuifunga kwenye gitare inayoingia katika ampli ya lampu yenye makali tayari, halafu wanashangaa kwamba inatoboa masikio. Yeye alikuwa amechagua vitu vitatu vinavyotegemeana, na mikro ilikuwa mojawapo. Wengine walifika kwingine: James Hetfield na Kirk Hammett wa Metallica walitumia EMG 81, mikro inayohitaji betri, yenye ulaini na usawa ambao msumeno wa Texas hauna. Hakuna aliyekosea.

Pantera

Kundi la Pantera lilianzishwa na ndugu hao wawili mwaka wa 1981. Albamu nne za kwanza, zilizotoka kati ya 1983 na 1988, zilikuwa na nywele ndefu na nguo za kung'aa zaidi ya kishindo. Rex Brown alipiga besi, na kuelekea mwisho wa kipindi hicho akaja mwimbaji Phil Anselmo.

Mwaka wa 1989 Dave Mustaine alimwita Darrell ajiunge na Megadeth, kundi lililokuwa tayari na jina duniani. Darrell alitaka kaka yake aajiriwe pia. Mustaine alikuwa amekwisha kupata mpiga ngoma, na Darrell akakataa nafasi hiyo. Kwa kijana ambaye bado alirekodi katika studio ya baba yake, haukuwa uamuzi mdogo.

Mwaka uliofuata, 1990, ilitoka Cowboys from Hell, na mwaka wa 1992 Vulgar Display of Power, zote mbili zikiwa zimerekodiwa Pantego na mtayarishaji Terry Date. Hapo ndipo mlio ule ulipofika masikioni mwa dunia: gitare na ngoma ya miguu miwili ya Vinnie vikigonga kwa pamoja kama mashine moja, na katikati yake kilio chembamba ambacho Dimebag alikitoa kwa kugusa uzi huku akivuta mkono wa daraja. Mwezi Machi 1994 Far Beyond Driven iliingia moja kwa moja nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard nchini Marekani, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa muziki mgumu kiasi hicho.

Baadaye kampuni ya Seymour Duncan ilitengeneza mikro yenye jina lake, Dimebucker, nayo ikiwa na mabapa mawili. Mpaka leo mashabiki wanabishana kama inafikia ile ya Bill Lawrence.

Si kila kitu katika maisha yake ni cha kupamba. Alipiga gitare zilizochorwa bendera ya majimbo ya kusini, yale yaliyopigana vita ili kulinda utumwa, na kwa msomaji Mwafrika hilo haliwezi kupita kama pambo tu. Marafiki zake wanamkumbuka kama mtu wa ukarimu na mizaha. Picha za gitare zile nazo zipo.

Mama Carolyn alifariki kwa kansa mwaka wa 1999. Pantera ilivunjika mwaka wa 2003 kwa ugomvi uliofanyika zaidi kwenye magazeti kuliko ana kwa ana, na ndugu wakaanzisha Damageplan. Albamu yao, New Found Power, ilitoka mwaka wa 2004. Mwaka huo huo Dimebag alirudi kwa kampuni ya Dean baada ya miaka kadhaa na Washburn, na alikuwa amechora umbo la gitare mpya, Razorback, alipokutana na risasi za Columbus.

Alizikwa Arlington, katika jeneza lenye picha za Kiss lililotolewa na Gene Simmons wa kundi hilo. Eddie Van Halen alifika mazishini akiwa na gitare yake ya mistari ya njano na nyeusi, ile ile inayoonekana nyuma ya jalada la albamu yake ya mwaka wa 1979, na kuiweka ndani ya jeneza. Ina mikro moja tu, karibu na daraja. Vinnie Paul alifariki mwezi Juni 2018, akazikwa kando ya mdogo wake na mama yao.